Kadi ya GB 32 iliyojaa: kisa cha nyumba ya Muheza

Baba mdogo alinipigia simu Jumatano jioni. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla hatujafika kwenye habari za watoto akasema: "Mwanangu, ile michoro ya jua imekatika tangu Jumapili. Pampu inafanya kazi, taa zinawaka, ila daftari la mashine halina kitu."

Daftari la mashine ndilo jina lake la Home Assistant, mfumo unaoendesha nyumba yake ya Muheza. Nilimfungia mwenyewe. Kuna paneli za sola juu ya paa, inveta na betri kwenye kibaraza cha nyuma, pampu ya kisima inayojaza tangi la lita 5,000, na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 iliyokaa kwenye kisanduku karibu na ruta. Jua likiwa kali na betri ikiwa na chaji ya kutosha, pampu hujiwasha, na maji hayo ndiyo yanayonywesha miche yake ya michungwa. Baba alistaafu ualimu wa hisabati. Kila jioni hufungua tableti iliyoko ukutani, akasoma uniti za sola za siku hiyo, akazinakili kwenye daftari lake la karatasi kwa penseli. Akilinganisha masika na kiangazi anajua lini apunguze pasi na lini aongeze maji shambani.

Kwa hiyo michoro kukatika lilikuwa jambo zito kwake, na kwangu pia. Niliingia kwa mbali kutoka Dar, nikakuta kwenye kumbukumbu za makosa ujumbe ule ule wa SQLite, programu inayotunza hifadhidata ya historia, ukijirudia ukurasa baada ya ukurasa: diski imejaa. Sasisho la mfumo lilikuwa limekataliwa. Nakala rudufu ya wiki haikuwa imefanyika. Kwenye kadi ya kumbukumbu ya GB 32 ya ile kompyuta ndogo ilibaki GB 0.3 tu.

Nilimwomba Baba kitu kimoja: asizime wala kuwasha upya ile kompyuta mpaka nifike. Mfumo uliojaa kiasi hiki mara nyingi huendelea kutembea kwa sababu kila kitu kimeshapakiwa kwenye kumbukumbu ya muda. Shida huja ukizima, kwa kuwa ukiwaka tena unahitaji kuandika vitu vingi na hauna pa kuandikia. Pampu ilikuwa bado inatii, na sikutaka miche ikauke kwa ajili ya haraka yangu.

Ijumaa jioni nilifika na laptopu na waya wa mtandao. Kazi ya kwanza ilikuwa kupima. Wengi wetu tukiona kadi imejaa tunaanza na chochote kinachofutika, kisha tunafurahia GB 2 zilizopatikana, na baada ya wiki tatu tunarudi pale pale. Ukurasa wa hifadhi kwenye mipangilio ulinipa jumla. Kupitia terminali, dirisha la kuandikia amri, nilipita folda moja baada ya nyingine kwa amri ya du inayopima ukubwa wa folda. Sehemu ya data ya kadi ina takriban GB 28, na ilikuwa imegawanyika hivi: hifadhidata ya historia, yaani faili la home-assistant_v2.db, GB 11.6. Nakala rudufu nne, GB 7.8. Mfumo wenyewe pamoja na programu-jalizi zake, GB 5.3. Faili lenye neno "corrupt" kwenye jina lake, GB 2.1. Picha za kamera ya getini na vitu vidogo vidogo, GB 0.9.

Hilo la GB 2.1 lilinirudisha nyuma miaka miwili. Umeme wote ulikatika ghafla, betri ikiwa tupu, wakati mfumo unaandika. Hifadhidata iliharibika. Home Assistant ikikuta hifadhidata imeharibika haiifuti. Hulibadilisha jina faili la zamani, huliweka kando na tarehe yake, kisha huanza jipya. Ni uangalifu mzuri, ila lile la kando linabaki hapo hata miaka kumi mwenyewe asipoliondoa. Siku ile Baba alipoteza takwimu zake za mwanzo zote. Hakunilaumu, lakini alikaa kimya muda mrefu, na ukimya ule ninaukumbuka.

Ndiyo maana njia ya mkato ambayo mtu yeyote angenishauri sikuikubali. Njia yenyewe ni rahisi: simamisha mfumo, futa faili la hifadhidata, washa. Mfumo hutengeneza faili jipya, na GB 11.6 zinarudi kwa dakika tano. Kwa nyumba ambayo historia haina kazi, fanya hivyo na usijute. Lakini ndani ya faili lile lile kuna aina mbili za kumbukumbu. Ya kwanza ni kila badiliko la kila kihisi, sekunde kwa sekunde, ambalo hutunzwa kwa siku chache tu. Mfumo ukiuacha kama ulivyokuja ni siku 10. Ya pili ni takwimu za muda mrefu: mstari mmoja kwa kila saa kwa kila kihisi, na hizo hazifutwi na usafi wa kila usiku. Ukilifuta faili, zote mbili zinaondoka. Miaka miwili ya Baba ilikuwa humo.

Nilisimamisha Home Assistant kwa muda, nikanakili faili zima kwenye laptopu kwa waya, pamoja na zile nakala nne, kisha nikauwasha tena. Ulisitasita, ukawaka. Nakala zinazofanywa na ratiba ya mfumo hufungwa kwa ufunguo, na nakala bila ufunguo wake haina maana yoyote, kwa hiyo nilihakikisha kwanza kwamba ufunguo ninao nje ya nyumba ile. Kati ya nakala nne, mbili zilikuwa za ratiba na mbili nilizifanya kwa mkono kabla ya masasisho ya zamani. Ratiba hufuta zile zake tu zikizidi idadi uliyoweka. Za mkono haizigusi. Mtu anaweza kudhani ameweka kikomo cha nakala mbili na kumbe nyuma kuna rundo.

Nilizifuta zote nne kwenye kadi, nikafuta na lile faili lililoharibika. Nafasi ikafika GB 10.2.

Hapo mtu angeweza kushusha pumzi, ila hesabu ilikuwa bado. Kupunguza faili la SQLite kunahitaji kulipanga upya, na kulipanga upya ni kuandika nakala mpya yake pembeni. Maelekezo ya Home Assistant yanataka uwe na nafasi huru isiyopungua ukubwa wa faili lenyewe. Faili GB 11.6, nafasi GB 10.2. Nafasi inayohitajika baada ya kufuta mistari inaweza kuwa ndogo zaidi, kwa sababu kinachonakiliwa ni kilichobaki, lakini sikutaka kujaribu hilo kwenye kadi yenye miaka miwili ya mtu. Nikatafuta nafasi nyingine. Kulikuwa na programu-jalizi mbili nilizoziweka wakati wa ufungaji na hazikuguswa tena: kihariri kikubwa cha faili, na nyingine ya majaribio ya sauti. Kuziondoa kulifungua GB 1.7. Sasa GB 11.9. Ilitosha kwa upenyo mwembamba.

Usiku ule sikufuta kitu tena. Nilikaa mezani na ile nakala ya kwenye laptopu, nikaiuliza swali moja: ni kihisi gani kimeandika mistari mingi zaidi? Kuhesabu huku ukufanyie kwenye kompyuta yenye nguvu. Kwenye Pi yenye kadi ingechukua muda mrefu na kuichosha kadi bure. Jibu lilipokuja, Baba alikuwa amesogeza kiti karibu. Vihisi 24 vya juu vyote vilikuwa vya inveta. Volti ya gridi, masafa ya gridi, joto la inveta, mkondo wa betri, wati za kila mstari wa paneli. Kila kimoja kilikuwa na mamilioni ya mistari. Vihisi vya milango, tangi na taa vilikuwa chini kabisa, maelfu machache.

Chanzo nilikijua papo hapo, kwa kuwa nilikiweka kwa mkono wangu. Wakati nafunga inveta nilitaka kuona mabadiliko mara moja, nikaweka bodi ndogo ya ESP32, inayosoma inveta na kuupa mfumo namba zake, isome kila sekunde moja. Majaribio yalipokwisha sikurudisha. Baadaye Baba aliniomba aone historia ya mwezi mzima, nikapandisha siku za kutunza kutoka 10 hadi 30. Kila badiliko lilionekana dogo peke yake.

Nilimwandikia Baba hesabu pembeni ya daftari lake. Siku ina sekunde 86,400. Vihisi 24 vikibadilika kila sekunde, ni mistari 2,073,600 kwa siku. Kwa siku 30 ni milioni 62. Kwenye faili nilikuta chini kidogo ya hapo, kwani kihisi kisichobadilika hakiandikwi. Baba aliitazama, akaniuliza, "Na hizi ninazozisoma mimi jioni?" Zile ni za kila saa. Saa 24 kwa siku 365 ni mistari 8,760 kwa mwaka kwa kihisi kimoja. Alichukua penseli, akagawanya mwenyewe, akanionyesha: inveta ilikuwa inaandika mistari ya mwaka wake mzima kwa chini ya saa mbili na nusu, kwa kila kihisi. Hesabu yake ni sahihi. Ni saa mbili na dakika 26.

Kwa maoni yangu hapo ndipo kisa kizima kilipo. Kadi haikuwa ndogo. Tulikuwa tunatunza kitu ambacho hakuna aliyewahi kukisoma, kwa gharama ya kile kinachosomwa kila siku.

Mtu atauliza, si ungenunua tu kadi ya GB 128? Kusema kweli ingetosha. Siku za kutunza zikiwa 30, faili hufika ukubwa fulani na kusimama hapo, kwa sababu kila siku mpya inayoingia ya zamani inatoka. Lakini kila nakala rudufu ingeendelea kuwa na karibu GB 2, nzito mno kusafirishwa kwa bando la simu. Kadi ingeendelea kuandikwa usiku na mchana, na kadi za aina hii huchakaa kwa kuandikwa. Na siku hifadhidata ikiharibika tena, ningekuwa na faili kubwa zaidi la kuokoa.

Asubuhi ya Jumamosi nilianzia kwenye bodi ya ESP32. Nilibadilisha usomaji wa inveta kutoka sekunde 1 hadi sekunde 30. Kisha nikapanga vihisi mafungu mawili, na hapa nilikuwa karibu kukosea. Nilitaka kuandika amri moja ya kuzuia vyote vinavyoanza na jina la inveta visihifadhiwe. Ningefanya hivyo, ukurasa wa nishati, ule anaousoma Baba kila jioni, ungekufa. Kihisi kilichozuiwa kwenye historia hakitengenezewi takwimu za muda mrefu, kwa sababu takwimu hizo hukokotolewa kutokana na mistari ya historia. Uniti za sola, za betri na za gridi lazima zibaki. Nilibakisha 11 na kuzuia 13 kwenye mipangilio ya recorder, sehemu ya mfumo inayoandika historia:

recorder:
  purge_keep_days: 7
  exclude:
    entity_globs:
      - sensor.*_wifi
      - sensor.*_uptime
    entities:
      - sensor.inveta_masafa_ya_gridi
      - sensor.inveta_volti_ya_gridi

Orodha kamili inaendelea, lakini umbo ndilo hilo. Kihisi kilichozuiwa bado kinaonekana kwenye tableti na bado kinaweza kuwasha pampu. Hakiachi tu nyayo. Siku 7 nilizikubaliana na Baba baada ya kumwonyesha kwamba michoro yake ya mwezi na mwaka inatoka kwenye takwimu za saa, na haipungui hata siku za historia zikiwa tatu.

Mistari ikawa 2,880 kwa siku kwa kila kihisi. Kwa vihisi 11 ni 31,680, badala ya ile milioni mbili.

Nilikagua mipangilio, nikawasha mfumo upya, na saa 3 asubuhi nikaita kitendo cha recorder.purge: tunza siku 7, tumia na vizuizi vipya kwa data ya zamani, usipange faili upya kwanza. Chaguo la kutumia vizuizi ni muhimu. Bila hilo mfumo unaangalia umri wa mistari tu, na vile vihisi 13 vingebaki na mistari yao ya wiki nzima. Niliacha kupanga upya kwa makusudi, ili kazi mbili nzito zisigongane.

Kufuta kulichukua karibu saa 11. Tulikwenda shambani, tukarudi, tukala, bado. Baba kila akipita karibu na tableti aliangalia nafasi iliyobaki, na ilikuwa pale pale. Jioni alishindwa kuvumilia: "Umefuta mistari milioni hamsini na kitu, na faili bado ni GB 11.6?"

Nilimwomba daftari lake. "Baba, ukifuta kwa ufutio kurasa zote za mwaka jana, daftari linapungua unene?" Alielewa kabla sijamaliza. SQLite nayo huandika kwenye kurasa, na huziita hivyo hivyo. Ukifuta mistari, kurasa zinabaki ndani ya faili zikiwa tupu, zikisubiri kuandikwa upya. Niliiuliza ina kurasa tupu ngapi: zaidi ya milioni 2.4, kila moja baiti 4,096. Ni karibu GB 10 za karatasi nyeupe ndani ya faili moja.

Home Assistant ina ratiba yake ya usafi. Kila alfajiri saa 10 na dakika 12 hufuta mistari iliyopita umri, na Jumapili ya pili ya kila mwezi hupanga faili upya. Ratiba hiyo ilikuwa ikifanya kazi muda wote, lakini faili lilikuwa limejaa mistari hai ya siku 30. Hapakuwa na karatasi tupu ya kung'oa.

Saa 3 usiku nilihakikisha betri ya inveta imejaa, nikawaomba nyumbani mtu asiguse swichi kuu, nikaita kitendo kile kile na safari hii nikaruhusu kupanga upya. Taa ya kijani ya Pi iliwaka bila kupumzika. Baada ya dakika 40 hivi ikaanza kupepesa kama kawaida. Faili: GB 1.7. Nafasi huru: karibu GB 22. Nilifungua kwanza ukurasa wa nishati, nikarudi nyuma mwezi kwa mwezi hadi mwanzo wa ile miaka miwili. Nguzo zote zilikuwepo. Baba hakusema kitu. Alivaa miwani, akalinganisha miezi mitatu na daftari lake, akaitikia kwa kichwa.

GB 1.7 zenyewe zilikuwa bado na wiki moja ya mistari ya kila sekunde kwa vile vihisi 11. Wiki ikapita, mistari ile ikazeeka, na Jumapili ya pili ya mwezi uliofuata faili likashuka hadi MB 410 bila mtu kugusa. Nakala rudufu sasa haifiki MB 300, na kila wiki moja inakuja kwenye kompyuta yangu Dar kwa bando la kawaida. Nimeweka pia kihisi kimoja cha ujazo wa diski, na kikipita asilimia 75 ninapata ujumbe kwenye simu. Folda ya picha za getini bado haina kikomo. Hiyo ni kazi ya safari ijayo.

Lilibaki jambo moja ambalo Baba aliliona kabla yangu. Jumapili asubuhi, nikiwa nafunga begi, aliniita kwenye tableti. Kuanzia Jumapili iliyotangulia hadi Ijumaa hapakuwa na nguzo yoyote, kisha Jumamosi ikasimama nguzo moja ndefu kuliko zote za mwaka. Inveta ina mita yake ya ndani inayojumlisha bila kusimama. Historia iliporudi kuandikwa, tofauti yote ya siku zile ilimwagwa kwenye saa moja. Nilimwambia kwenye zana za takwimu naweza kuishusha ile nguzo, ila siku zenyewe siwezi kuzirudisha.

"Iache," alisema. Akafungua daftari. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa: kila jioni alikuwa ametoka na tochi hadi kibarazani, akasoma namba kwenye kioo cha inveta, akaziandika kwa penseli.